Barnaba Alimtwaa
Somo la Matendo ya Mitume 9:26-28



Walimu wengi wametuuliza: Mkristo ambaye imani yake imepoa atafanywa upya kwa njia gani? Nasi kwa desturi hujibu upesi: Na atubu, na aombe, na alisome Neno la Mungu. Jibu hili ni kweli, walakini halijatimia. Sauli alitubu. Aliomba, akafunga siku tatu pasipo kula wala kunywa. Bwana mwenyewe alisema naye njiani. Hata hivyo alipofika Yerusalemu hakuwa na mahali, mpaka mtu mmoja alipomtwaa.

Tuiangalie habari hii taratibu. Kwanza ni Dameski, katika nyumba ya Yuda, penye njia iitwayo Nyofu. Sauli yumo humo, kipofu. Bwana angeweza kumfumbua macho pasipo msaada wa mwanadamu, maana ndiye aliyempiga kwa ile nuru. Hakufanya hivyo. Alimtuma Anania, naye Anania aliogopa, akataja mabaya yote aliyoyasikia juu ya mtu huyu. Basi alipokwisha kusema hofu yake akaenda, akaweka mikono juu yake, akamwita ndugu. Twaomba wasomaji wakae kidogo juu ya neno hilo. Mtu aliyekuja mjini kuwafunga wanafunzi, neno la kwanza alilolisikia kinywani mwa mwanafunzi ni kuitwa ndugu. Ndipo alipoona, akabatizwa, akala chakula, akakaa siku kadhaa pamoja na wanafunzi wa mji ule.

Kisha ni Yerusalemu. Mtume mwenyewe, katika Wagalatia 1:18, aonyesha ya kuwa miaka mitatu ilikuwa imepita. Miaka mitatu! Si jana wala juzi alipotubu. Alijaribu kujiunga na wanafunzi, nao wote walimwogopa, hawakusadiki ya kuwa yeye ni mwanafunzi. Wala tusiwahukumu upesi. Huenda wengine wao walikuwa na jamaa waliotiwa gerezani kwa mkono wake. Lakini tazameni hali ya Sauli. Mbinguni amekwisha kupokelewa, na duniani amesimama nje ya mlango.

Ndipo anapokuja Barnaba. Huyu alikuwa Mlawi wa Kipro, jina lake Yusufu, na mitume walimpa jina lenye maana ya Mwana wa faraja. Alimtwaa Sauli, akampeleka kwa mitume, akawaeleza jinsi alivyomwona Bwana njiani. Alitia jina lake jema kuwa dhamana ya jina baya la mwenzake. Kama Sauli angalianguka tena, aibu ingalimpata Barnaba pia. Hiyo ndiyo gharama ya kumtwaa mtu, na ndiyo sababu wengi wetu hupenda zaidi kumwombea kwa mbali.

Luther aliliona jambo hili wazi. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, anapoeleza sehemu ya tatu ya Imani, aanza kwa kuungama ya kuwa yeye mwenyewe hawezi kuamini kwa nguvu zake. Lakini hakomi hapo. Mara aendelea kusema juu ya Wakristo wote waliokusanywa na Roho Mtakatifu, na kwamba ni katika kanisa hilo tunaposamehewa dhambi kila siku. Na katika Makala za Smalkald za mwaka 1537, anapotaja njia ambazo Injili hutufikia, baada ya mahubiri, ubatizo, Meza ya Bwana na ufunguo wa maondoleo, aongeza mazungumzo ya ndugu na kufarijiana kwao. Hakuyahesabu kuwa pambo tu.

Hapa imetupasa kuungama kosa letu. Tulipokuwa tungali wachanga katika kazi ya uchungaji, alitujia mtu aliyekaa miaka tisa katika mashamba ya mkonge upande wa Tanga. Huko aliacha ibada, akafuata ulevi. Aliporudi kwao mlimani alitubu mbele yetu na mbele ya wazee wa kanisa. Tukamtangazia msamaha, tukaliandika jina lake kitabuni, tukamruhusu kuijia Meza ya Bwana. Tukafurahi, tukidhani kazi imekwisha.

Jumapili tatu alikaa penye ukuta wa nyuma. Watu walipotoka walisimama uwanjani wakisalimiana, kila ukoo na ukoo wake, naye akashika njia peke yake. Wengine walinong'onezana juu ya deni alilolikimbia zamani. Jumapili ya nne hakuja. Nasi tukasema moyoni ya kuwa toba yake ilikuwa ya midomo tu.

Aliyekwenda kumtafuta alikuwa mjane mmoja asiyejua kusoma. Alimkuta akikata majani ya ng'ombe, akamwambia: "Mwanangu, paa la nyumba yangu lavuja, nami sina mtu. Njoo Jumamosi unisaidie, na Jumapili twende kanisani pamoja." Akaenda. Walikuwako na vijana wawili wa darasa la kipaimara, wakaezeka hata jioni, wakala ndizi katika chungu kimoja. Kesho yake aliketi kati ya vijana wale. Hatukuambiwa maneno waliyozungumza juu ya paa, wala hatukuuliza. Lakini hakukosa ibada tena, na lile deni alilipa kidogo kidogo.

Katika Old Moshi mmisionari Bruno Gutmann wa Misheni ya Leipzig, aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902, alijua ya kuwa Mchagga hakuzoea kuishi kama mti mmoja uwandani. Ana ukoo, ana majirani, ana rika lake. Kwa hiyo aliwaunga vijana wa kipaimara katika vikundi vidogo, waangaliane na kuonyana. Walikuwako waliomlaumu kwamba ashikilia mno mila za zamani, nasi hatusemi kila alilofanya lafaa kila mahali. Walakini wamisionari Wajerumani walipoondolewa nchini mwaka 1920, naye akiwa mmoja wao, sharika za mlimani hazikutawanyika. Walimu na wazee wenyeji walizitunza, kwa kuwa watu walikuwa wamekwisha kushikana.

Ndugu walimu, kabla ya kufundisha somo hili fungueni kitabu cha usharika. Tafuteni majina ya waliopokelewa mwaka huu, ama kwa toba, ama kwa barua kutoka sharika nyingine. Mkae na wazee, mwulizane juu ya kila mmoja: Nani jirani yake? Nani amekula nyumbani mwake? Nani atakwenda kwake kabla ya Jumapili? Majina hayo msiyataje mbele ya darasa. Na kama mtu aliyerudi hana kazi yoyote usharikani, mwombeni msaada wake katika jambo dogo, hata kama ni kuteka maji ya kukandikia ukuta wa shule. Maana yule mjane hakuanza kwa kumfundisha mgeni wake, alianza kwa kumhitaji.

Kwa mwezi ujao someni Matendo 11:19-30, ambapo Barnaba ashika njia tena, mpaka Tarso, kumtafuta Sauli.