Katika Kubainisha ya Kuwa Huruma ya Mungu si Ijara

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake: fahamuni, enyi ndugu, ya kuwa huruma ya Mola hainunuliwi kwa amali. Imebainishwa katika Surat Hud, aya ya 6, kuwa riziki ya kila kiumbe kitembeacho juu ya ardhi i juu ya Mungu. Na mnyama hakukalifishwa sala wala saumu.

Mwaka 1897 hukumu ya utumwa ilipoondolewa Unguja, wengi walioachwa huru walikaa Ng'ambo, hawana shamba wala nasaba ya kutajwa. Watu waliwadharau, Mola wao alikuwa akiwaona tangu matumboni mwa mama zao, kabla hawajatenda lolote.

Sayyidna Umar amepokea habari ya mwanamke mateka aliyemkuta mtoto, akamkumbatia, akamnyonyesha. Mtume (s.a.w.) akabainisha kuwa Mungu awahurumia waja wake kuliko mama yule mwanawe. Je, mtoto yule alilipa nini?

Akiuliza mtu, "Basi sala ya nini?" ajibiwe: sala ni faradhi na shukrani, si bei. Na mwenye dhambi asikae mbali kwa haya, atubu, arejee. Wallahu aalam.