Kuagiza chakula kwa simu bila kadi ya benki

Kasenga hakuna programu ya kuagiza chakula. Mji umekaa ukingoni mwa Luapula, ng'ambo ya mto ni Zambia, na Lubumbashi iko kiasi cha kilomita 200 kwa barabara. Anayetaka bukari na sombe hapa mjini hutembea mwenyewe hadi kwa mama anayepika. Lakini chakula kinaagizwa kwa simu kila siku, ila kinatoka Kasenga kwenda Lubumbashi. Mtu wa Katuba au Ruashi anamwandikia muuzaji samaki kwa WhatsApp, anatumiwa picha, wanapatana bei, pesa inakwenda, samaki wanalazwa kwenye barafu na kupakiwa. Biashara hii ni ya zamani. Enzi za ukoloni wafanyabiashara Wagiriki walikuwa wakipeleka samaki wa Kasenga hadi Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kulisha wafanyakazi wa migodi. Kilichobadilika ni namna ya kulipa, na hapo ndipo maswali huanzia, kwa anayeagiza samaki wa Luapula na hata kwa anayeagiza michopo mtaa wa pili.

Sina kadi wala akaunti ya benki. Nitalipaje?

Kwa pesa ya simu. M-Pesa ya Vodacom iliingia Kongo mwaka 2012, miaka mitano baada ya Kenya, na Airtel Money na Orange Money zipo pia. Unajisajili kwenye kabine, yaani kibanda cha wakala wa pesa ya simu, ukiwa na laini yako na kitambulisho, ambacho kwa wengi wetu ni kadi ya mpiga kura. Intaneti haihitajiki, hata simu ya tochi inatosha: M-Pesa unabonyeza *1122#, Airtel Money *501#, Orange Money *144#. Benki nazo zina pochi za simu, kama illicocash ya Rawbank na Pepele Mobile ya TMB, benki yenye makao yake makuu Lubumbashi.

Programu inadai namba za kadi. Nifanyeje?

Shuka hadi mwisho wa ukurasa wa malipo kabla ya kukata tamaa. Mara nyingi pesa ya simu, au malipo ya mkononi chakula kikifika, huwa imewekwa chini kabisa. Ukichagua pesa ya simu, ombi la malipo linakuja kwenye simu yako nawe unaweka namba ya siri. Hakikisha kiasi na jina la anayelipwa kabla ya kuiweka.

Kama ni kadi tu, achana nayo, au uliza mtandao wako au benki kama wanatoa kadi isiyoshikika, yaani namba za kadi zinazokaa ndani ya simu na kutumia salio lako. Asikudanganye mtu usiyemjua anayejitolea "kukulipia kwa kadi yake" ukimtumia pesa kwanza.

Neno moja kuhusu programu zinazokushawishi uweke salio ndani yake ili upate punguzo. Jumia Food ilikuwa kubwa Kenya na Uganda, ikafungwa mwishoni mwa Desemba 2023. Kampuni za chakula huja na kuondoka. Pesa yako ikae kwenye pochi yako, itoke siku ya kula.

Nilipe kabla au baada?

Swali hili lina uzito kuliko yote, na wengi hawaliulizi. Mwenye kadi asipoletewa chakula anaweza kuilalamikia benki yake, na mara nyingine malipo yakarudishwa. Pesa ya simu ni tofauti. Ukishaweka namba ya siri, pesa imefika kwa mwenzako, naye anaweza kuitoa kabla hujafunga simu. Kwa hiyo asiye na kadi ajilinde kwa kupanga pesa itoke lini.

Kwa chakula cha mjini, lipa mlangoni. Kijana wa pikipiki amefika, umefungua mfuko, kuku ni mzima na si nusu, ndipo unabonyeza. Mkahawa ukidai malipo ya mbele, omba namba ya biashara yenye jina la mkahawa. Ukipewa namba ya mtu binafsi na jina linalojitokeza halihusiani na mkahawa, simama hapo.

Samaki wa Kasenga ni habari nyingine, maana muuzaji naye ana hofu yake: akipakia bila kulipwa, nawe ukazima simu, samaki wataozea Lubumbashi. Naona njia ya haki ni kugawa. Tuma sehemu ya kumwezesha kununua na kuweka barafu, na iliyobaki uitume mzigo ukiwa mbele yako na umeufungua. Kabla ya hapo omba picha ya mzigo uliopakiwa, jina la dereva na namba yake. Angalia na kalenda pia. Upande wa Zambia uvuvi hufungwa tangu Desemba hadi mwisho wa Februari, na samaki wabichi huadimika. Anayekutangazia shehena kubwa ya samaki wabichi kwa bei ya chini mwezi wa Januari, na anataka yote kwanza, muulize maswali mengi.

Franga au dola?

Pochi zetu zina mifuko miwili, na menyu inakuuliza utumie upi. Chagua ule ambao bei ilitajwa. Bei ikitajwa kwa dola nawe una franga, kubalianeni kiwango kabla chakula hakijapikwa, kwani mlangoni kila mtu huwa na kiwango chake. Kuna faida moja ambayo watu huisahau: dola ya kwenye simu haichaniki. Hakuna wa kuigeuzageuza kwenye mwanga na kuikataa kwa sababu ya kona iliyokatika.

Kuna na kwacha. Ukikaa karibu na mto simu inaweza kunasa mtandao wa Zambia, na jina Airtel liko pande zote mbili. Pochi ya Airtel ya Zambia ni ya kwacha. Usidhani namba ya ng'ambo itapokea kama ya nyumbani, uliza kabla ya kutuma.

"Yaya, tuma na za kutolea." Ni lazima?

Muuzaji anakuomba uongeze gharama atakayokatwa akienda kutoa pesa kwenye kabine. Si lazima, ni mapatano. Lakini yasemwe mwanzoni, kwa sababu nawe unaweza kuwa umeshakatwa ya kutuma. Kwenye sahani moja ya chakula makato hayo mawili yanauma, na hapo noti mkononi inaweza kuwa nafuu zaidi.

Mtandao umekatika katikati ya malipo. Nirudie?

Tazama salio kwanza. Ujumbe unaweza kuchelewa ilhali pesa imekwenda, na anayerudia kwa haraka hulipa mara mbili. Muuzaji naye asitoe chakula kwa kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mteja, maana ujumbe wa kughushi huandikwa kwa dakika moja. Aangalie salio lake mwenyewe. Na mtu akikupigia kusema amekutumia pesa kwa makosa, umrudishie, jibu ni lile lile: salio kwanza. Namba ya siri haombwi na kabine, mpishi, dereva wala mfanyakazi wa mtandao.

Nimetuma kwenye namba isiyo yake. Inarudi?

Kabine haiwezi kuirudisha, hata wakiwa wema namna gani. Pigia huduma ya wateja ya mtandao wako papo hapo, ukiwa na namba ya muamala iliyo kwenye ujumbe, kiasi, saa na namba uliyokosea. Kama aliyepokea hajaitoa, kuna uwezekano wa kuizuia. Ndiyo maana ule ujumbe usiufute hadi samaki wawe jikoni.