Mshono Upone Salama: Kuzuia Maambukizi Baada ya Kujifungua kwa Upasuaji

Kwa mama mjamzito, mume na ndugu watakaomuuguza

Kwa nini ujue haya

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba barani Afrika, hadi wanawake 20 kati ya kila 100 wanaojifungua kwa upasuaji hupata maambukizi ya kidonda. Mengi yanazuilika. Vijidudu vingi hutoka kwenye ngozi na njia ya uzazi ya mama mwenyewe. Vingine huletwa na mikono au vifaa visivyo safi. Hatari huongezeka uchungu unapochukua muda mrefu, chupa inapopasuka mapema, au mama anapokuwa na kisukari au uzito mkubwa.

Kabla ya upasuaji

• Oga kwa maji na sabuni usiku wa kuamkia upasuaji au asubuhi yake.
• Usijinyoe kwa wembe. Wembe huacha mikwaruzo midogo ambamo vijidudu huzaliana. Ikilazimu, mhudumu atapunguza nywele kwa mashine.
• Mweleze daktari kama una kisukari, au kama dawa yoyote, hasa penisilini, iliwahi kukudhuru.

Ndani ya chumba cha upasuaji

Mama hapaswi kusubiri hadi mtoto atoke ndipo achomwe sindano ya antibayotiki. Sindano hiyo hutolewa kabla ya kupasuliwa, ili kisu kinapogusa ngozi, dawa iwe imeshasambaa mwilini. Ngozi hupakwa dawa ya klorheksidini yenye spiriti, kisha huachwa ikauke yenyewe. Uke nao husafishwa kwa dawa.

Namna ya kupasua na kushona ina uzito wake. Kondo la nyuma likitolewa kwa kuvuta kitovu taratibu, badala ya kuingiza mkono kulibandua, maambukizi ya mji wa mimba hupungua. Mishipa inayovuja hudhibitiwa vizuri, kwa kuwa damu ikituama chini ya ngozi vijidudu hustawi. Mafuta ya chini ya ngozi yakiwa na unene wa sentimita 2 au zaidi, nayo hushonwa ili kidonda kisiachie.

Hata glavu zina nafasi yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliofanyika katika nchi 7 ikiwemo Rwanda, uliangalia upasuaji mwingine wa tumbo. Timu zilipobadilisha glavu na vifaa kabla ya kufunga kidonda, maambukizi yalishuka kutoka wagonjwa 19 hadi 16 katika kila 100.

Ukirudi nyumbani

• Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa mshono. Anayekuhudumia naye anawe.
• Fuata maelekezo ya muuguzi kuhusu bandeji na kuoga. Kausha mshono kwa kitambaa safi, bila kuusugua.
• Usipake majivu, mafuta, dawa za mitishamba wala unga wa kapsuli.
• Bibi au wifi akitaka kukukanda kwa maji ya moto, mwombe asiguse tumbo. Joto na mkandamizo huweza kuunguza ngozi na kufumua mshono.
• Usijinunulie antibayotiki dukani. Tumia ulizoandikiwa tu, na umalize dozi.
• Kula vizuri. Mayai, maharage, dagaa na mboga za majani husaidia mwili kujenga nyama mpya.

Dalili za hatari

Maambukizi huweza kujitokeza hadi siku 30 baada ya upasuaji, mama akiwa ameshatoka wodini. Rudi kituoni siku hiyohiyo ukiona:

• homa au kutetemeka kwa baridi;
• mshono kuvimba, kuwa mwekundu au wa moto, au maumivu kuzidi badala ya kupungua;
• usaha, majimaji yenye harufu, au mshono kuachia;
• damu ya uzazi yenye harufu mbaya, au maumivu makali chini ya kitovu.

Usisubiri tarehe ya kliniki. Mama akianza kuchanganyikiwa, kupumua kwa shida au kuishiwa nguvu ghafla, maambukizi huenda yameingia kwenye damu. Mtafutieni usafiri mara moja, hata kama ni usiku, na mtoto aende pamoja naye ili aendelee kunyonya.