Vita Goma, mizani yalala Kirumba

Swali: Nachuuza kayabo katika soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Vita viko Kongo. Mbona mfuko unaotoboka ni wangu?

Jibu: Kayabo, sangara wetu wa chumvi, ana walaji wengi Kongo. Kundi la waasi la M23 lilipoiteka Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, Januari 2025, benki zilifunga milango. Februari likaingia mji wa Bukavu. Mteja asiyefikia fedha zake hawezi kuagiza mzigo.

Biashara ikidorora, mwajiriwa hupewa barua ya kuachishwa kazi. Wewe uliyejiajiri hakuna wa kukuachisha: kila asubuhi unafungua, huku kodi ya ghala na nauli vikiula mtaji. Ndiyo maana hasara yako haionekani katika hesabu za wasio na kazi. Wanaotangulia kuumia ni vibarua, yaani wapakiaji na akina mama waanikaji. Hao hukimbilia bodaboda na umamalishe, lakini abiria na walaji ni walewale, basi kila mmoja anapata kidogo.

Ushauri wangu: sehemu ya mzigo itafutie wateja wa mikoani hapa nchini, na wa Kongo walipe kabla gari halijapakiwa. Mtaji ukishaliwa, hata amani ikirudi utaipokea mikono mitupu.