Fukusi wa Migomba Katika Kibanja Chetu

Likizo iliyopita nilipofika nyumbani Kanazi nilikuta migomba saba imeangushwa na upepo, mikungu yake ikiwa bado michanga. Mikungu hiyo ndiyo chakula chetu, na inayozidi huuzwa nipate nauli ya kurudi shuleni. Baba alisema migomba yote ya asili ing'olewe, zipandwe aina mpya. Bibi alikataa. "Enshakala niliikuta hapa nilipoolewa," alisema. "Mkiing'oa, mtapika nini?" Nikaona heri tumchunguze adui kwanza.

Tulipasua tunguu, yaani kitako cha mgomba kilicho ardhini, tukakuta limetobolewa kila upande. Hiyo ni kazi ya fukusi wa migomba. Fukusi mzima ni mweusi, ana mdomo mrefu, na urefu wake ni kama sentimeta 1. Hutembea usiku, huruka kwa nadra sana, na aweza kuishi hata miaka 2. Jike hutaga yai mojamoja penye tunguu. Funza akianguliwa hula ndani, mizizi hufa, na mgomba hukosa cha kuushikilia.

Je, mdudu huyu huchagua mgomba? Nilipasua vipande vya gogo, nikavilaza kifudifudi kando ya Enshakala na kando ya Yangambi aliyopanda jirani. Asubuhi nilikuta fukusi chini ya vyote. Lakini matunguu ya migomba iliyokwisha vunwa yalitofautiana: la Enshakala lilijaa matundu, la Yangambi lilikuwa na machache. Wataalamu wameeleza sababu yake: jike hutaga kote kuwili, ila funza wengi hufa ndani ya Yangambi. Basi ukinzani wa mmea huu haumfukuzi mzazi, bali huua watoto.

Yangambi ililetwa Kagera pamoja na aina za FHIA kutoka Honduras, katika mradi uliosaidiwa na Ubelgiji kati ya 1997 na 2002. Ndizi zake ni tamu zikiiva, lakini kwa kupika hazifikii Enshakala. Tena kinga ya adui mmoja si kinga ya wote: mnyauko wa bakteria, uliothibitishwa Kagera mwaka 2006, hushika aina zote tulimazo.

Kwa hiyo nilimshauri Baba hivi. Chipukizi limenywe tunguu mpaka liwe jeupe, kisha litiwe katika maji ya moto ya nyuzi 52 hadi 55 kwa dakika 20. Magogo yaliyovunwa yakatwekatwe yakauke, na mitego ikaguliwe kila asubuhi.

Baba alikubali kupanda Yangambi upande wa chini tu. Enshakala ya Bibi imebaki karibu na nyumba, na mdogo wangu ndiye mwenye kuokota fukusi. Ndugu wanafunzi, mkienda likizo, pasueni tunguu moja la mgomba ulioanguka kabla ya kuulaumu upepo.