Mgonjwa wa Akili Siye Aokotaye Makopo Tu

Ndugu msomaji, ukisikia maneno "ugonjwa wa akili" unamfikiria nani? Wengi wetu humfikiria mtu anayeokota makopo sokoni huku akisema peke yake. Huyo ni mgonjwa kweli, lakini wagonjwa wa namna yake ni wachache. Walio wengi wanalima, wanapika na kulea watoto kama wewe. Leo tujifunze wako wangapi.

Magonjwa ya akili yaliyoenea zaidi ni mawili. Wa kwanza ni sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka. Wa pili ni wasiwasi uliozidi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 970 duniani walikuwa na ugonjwa wa akili wa aina moja au nyingine. Hiyo ni sawa na mtu 1 katika kila watu 8. Magonjwa hayo mawili ndiyo yaliyoongoza.

Na hapa kwetu Tanzania? Katika utafiti uliotolewa mwaka 2010, watu wazima 899 wa Dar es Salaam waliulizwa majumbani mwao. Karibu watu 3 katika kila 100 walikuwa na magonjwa ya namna hii. Utafiti mwingine wa mji huo huo, uliotolewa mwaka 2003, uliwapima watu waliokwenda kutibiwa. Katika zahanati walipatikana 24 katika kila 100. Kwa waganga wa jadi walipatikana 48 katika kila 100.

Usishangae hesabu kutofautiana. Majumbani utawakuta wazima na wagonjwa pamoja. Penye matibabu wagonjwa hukusanyika. Hesabu hizi ni za mjini, lakini zina funzo kwa kila kijiji: wagonjwa hawa huja kwetu, ila hutaja ugonjwa mwingine.

Mgonjwa huyo haji akasema, "Nina huzuni." Husema kichwa kinauma, moyo unakwenda mbio, mwili umechoka, usingizi hauji. Anapimwa damu, malaria haionekani. Anapewa vidonge vya maumivu, anarudi nyumbani na ugonjwa wake. Baadaye anakuja tena. Wako wanaokata tamaa kabisa wakajiua.

Kwa hiyo tufanye haya:

1. Ukiwa na huzuni au wasiwasi kwa wiki 2 au zaidi, nenda zahanati. Mweleze mhudumu yaliyo moyoni, usitaje kichwa tu.

2. Usimcheke mgonjwa, usimwite mvivu, wala usimfunge kamba.

3. Mtu akisema anataka kufa, msimwache peke yake. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Magonjwa haya yana matibabu. Wengine hutibiwa kwa mazungumzo, wengine kwa dawa, wengine kwa vyote viwili.

Maswali ya kuzungumza kikundini:

1. Kwa nini hesabu ya zahanati ilikuwa kubwa kuliko ya majumbani?

2. Katika kijiji chenu, mtu mwenye huzuni nzito humwambia nani?