CHUPA YA LEIDEN NA KAPASITA

Maji huwekwa mtungini, na nafaka huwekwa ghalani. Je, umeme huwekwa katika nini? Chombo cha kuuwekea huitwa kapasita, nacho kimo ndani ya kila redio. Lakini kapasita za kwanza zilikuwa chupa tu.

Mwezi wa Januari mwaka 1746, katika mji wa Leiden, nchi ya Uholanzi, mtaalamu Pieter van Musschenbroek aliandika habari za jaribio lake. Alishika chupa ya maji kwa mkono mmoja, na umeme wa mashine ukaingia majini kwa njia ya waya. Alipojaribu kutoa cheche kwa mkono wa pili, alipigwa pigo kubwa, mwili wote ukatetemeka. Akasema hatarudia tena, hata kwa ufalme wote wa Ufaransa.

Je, umeme ule ulikaa majini? Benjamin Franklin wa Philadelphia, katika Marekani, aliona heri kukifungua chombo chenyewe kuliko kubahatisha. Yapata mwaka 1748 alijaza chupa umeme, akaondoa waya, akayamimina maji katika chupa nyingine. Chupa ile ya pili haikutoa pigo. Kisha akatia maji mapya katika chupa ya kwanza, nayo ikatoa pigo! Basi umeme haukwenda pamoja na maji. Tena akaweka kioo cha dirisha kati ya mabamba mawili ya risasi, nacho kikatoa pigo vile vile.

Ndipo ilipojulikana kwamba umbo la chupa si kitu. Yatakiwayo ni mabamba mawili yapitishayo umeme, na kati yao kizuizi kisichoupitisha. Katika chupa ya Leiden, maji yalikuwa bamba la ndani, na mkono wa mshikaji ulikuwa bamba la nje.

Fundi akipasua kapasita ya karatasi ya redio ya zamani, hukuta mambo yayo hayo. Ndani ya ganda na nta mna kitu kilichokunjwa kama mkeka. Akikikunjua, huona utepe mwembamba wa alumini, kisha karatasi, kisha utepe wa pili, na karatasi tena. Kila utepe una waya wake, wala tepe hizo mbili hazigusani popote. Kadiri mabamba yalivyo mapana na kukaribiana, ndivyo umeme uwekwao unavyozidi. Kwa hiyo tepe hufanywa ndefu, karatasi hufanywa nyembamba, na vyote hukunjwa vipate kuenea mahali padogo.

Lakini mwanafunzi asijaribu kuifungua. Kapasita huweza kushika umeme hata redio ikiisha kuzimwa. Kwa hiyo fundi huutoa umeme kwanza, ndipo aguse. Tena baadhi ya kapasita za zamani zina mafuta yenye sumu. Wahenga walisema, debe tupu haliachi kuvuma. Bali kapasita iliyojaa hunyamaza kimya.

MASWALI
1. Franklin alijuaje kwamba umeme haukwenda pamoja na maji?
2. Katika kapasita ya karatasi, ni kitu gani kilicho badala ya kioo?
3. Kwa nini redio iliyozimwa yaweza kumdhuru mtu?